Hakuitika Siku Tisa

Baba Mkubwa aliingia karakanani kwangu asubuhi moja akiwa amevaa koti, nikajua hapo hapo kwamba nimepatikana. Baba Mkubwa havai koti ila anapokuja kumpa mtu kazi ya bure.

"Mwanangu," alisema, akisogeza rimu za karatasi apate pa kukalia, "ukoo unataka kitabu."

Ukoo, kwa maana hiyo, ni yeye. Tangu baba yangu afariki, mikutano ya ukoo anaiitisha yeye, anaiongoza yeye, na ikishindikana anaiahirisha yeye. Safari hii alitaka kijitabu cha kurasa arobaini, chenye picha za wazee na orodha ya waliozaliwa, na mwanzoni kabisa sura nzima ya babu wa babu yangu, aliyetuachia jina. Sisi ni akina Chiriku. Hadithi tuliyokua nayo ni kwamba mzee huyo alikuwa na mdomo usiofunga, akiwatetea watu mbele ya mahakimu bila kuwahi kukanyaga darasa, ndipo wakampa jina la ndege yule anayepiga kelele kutwa. Ndiyo maana, wanasema, kwetu kila mtu ni wakili, mshereheshaji au mbishi. Mimi niliangukia kundi la wabishi.

"Hadithi ninayo," aliendelea. "Nataka ushahidi. Tarehe. Vile vitu vinavyowekwa chini ya ukurasa kwa maandishi madogo."

"Kwa nini mimi, Baba Mkubwa?"

"Kwa sababu wewe ni mchapaji." Akatazama mashine, kisha viatu vyake. "Halafu utapata pa kuweka akili."

Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Watu wote walijua kwamba mke wangu alikuwa ameondoka miezi mitatu nyuma, na walijua kwa nini, au walidhani wanajua. Nilikubali kazi ile ili atoke.

Sasa lazima nieleze habari ya binti yetu, ingawa ningependa kuikwepa. Alizaliwa na kilo nne na nusu. Muuguzi alimweka kwenye mzani, akacheka, akasema, "Huyu ni kibonge," na jina likamganda. Lile la kwenye cheti lilibaki kwenye cheti. Tangu siku hiyo mimi nikawa Baba Kibonge na mke wangu Mama Kibonge, mpaka wateja wengine walidhani ndilo jina la karakana. Naye mtoto aliamini kila anapoitwa Baba Kibonge au Mama Kibonge, kaitwa yeye. Mtu akiniita mlangoni, yeye ndiye aliyeitika kwanza, kutoka chini ya meza alikokuwa akichezea vipande vya kadi. "Naam!" Kisha mimi.

Alikufa akiwa na miaka mitano, kwa homa ya siku nne.

Wiki moja baada ya mazishi alikuja muuza wino, mtu mwema, hakuwa amesikia. Akaita pale mlangoni kama kawaida yake, "Baba Kibonge, za siku nyingi!" Nikainamisha macho kutazama chini ya meza. Hakuitika mtu. Nilimtukana yule bwana matusi ambayo sijui niliyatoa wapi, nikapindua boksi zima la kadi za harusi za watu. Jioni hiyo nikakata kauli: jina lile lisitajwe mbele yangu, si dukani wala nyumbani. Majirani wakatii. Nikasikia jinsi walivyomwita mke wangu tangu hapo: "Mama," halafu wanameza kilichobaki.

Hatukuwa na mtoto mwingine wa kutuazima jina.

Mke wangu alivumilia mwaka mzima. Yeye ni fundi cherehani, ana subira ya watu wanaofumua mshono uleule mara tatu. Alichotaka kwangu kilikuwa kitu kimoja. Siku ya nne pale hospitali, mchana, nilimwambia aende nyumbani akaoge, abadilishe nguo, apumzike kidogo. Aliporudi saa kumi, Kibonge alikuwa ameshafunikwa. Kuna saa ambazo alikuwa na mimi peke yangu, na mke wangu alitaka kuzijua. Alisema nini? Aliuliza nini? Alikuwa amelala au macho? Mimi kila alipoanza, nilisimama nikatoka. Jina lisitajwe, nilisema. Nilijificha nyuma ya amri ile kwa raha zangu.

Siku aliyofunga mzigo wake kwenda kwa dada yake, hakulia wala hakugomba. Alisema, "Nitarudi siku utakayoniambia." Nikamwambia gari la kukodi linasubiri.

Basi nikaenda kuweka akili, kama alivyosema Baba Mkubwa.

Jengo la kumbukumbu lina ukumbi mmoja wa kusomea, meza sita, na mtunza kumbukumbu mwanamke mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Alininyang'anya kalamu ya wino, akanipa ya risasi, akanituma nikanawe mikono.

"Unatafuta nani?"

"Babu wa babu yangu. Alikuwa msemaji mashuhuri."

"Ahaa." Aliandika. "Kila anayeingia hapa anatafuta chifu au msemaji. Nina miaka kumi na tisa kazini, hajawahi kuja mtu kutafuta babu yake mwizi. Wezi hawakuzaa, inaonekana."

Tulianzia kwa babu yangu, ambaye cheti chake tunacho. Kutoka hapo tukampata baba yake kwenye kitabu cha ndoa: mtoto wa Chiriku, msokota kamba. Nilisoma mara mbili. Msokota kamba. Hakuna mahakimu hapo. Mtunza kumbukumbu alifurahi kuliko mimi, kwa sababu mtu wa kiwanda, alisema, ni rahisi kumpata kuliko mtu wa maneno. Kiwanda cha kamba kilikuwa na daftari la kila siku, na madaftari yale yalinusurika kwa kuwa hakuna aliyeona sababu ya kuyaiba.

Nilikwenda siku saba, kila nilipopata nafasi. Nilijifunza kazi yao pale mezani. Banda la kusokotea lilikuwa refu kama mtaa, na wasokotaji walitembea kinyumenyume kutwa nzima, katani imefungwa kiunoni, wakiilisha kamba kwa vidole huku wakirudi nyuma. Kila mmoja alikuwa na mstari wake, wenye namba. Alfajiri, kabla ya kuanza, msimamizi aliita majina, mtu akaitika, karani akapiga mstari mdogo. Asiyeitika alipigwa duara. Jioni karani mwingine alipita na kuandika, mbele ya kila namba, urefu wa kamba uliosokotwa.

Na watu waliandikwa kama walivyoitwa na wenzao. Waliofanana majina ya kuzaliwa walikuwa wengi mno. Kwa hiyo daftari limejaa Mrefu, Kengeza, Mjomba wa Pili, Baba fulani na baba fulani. Mtu wetu alikuwa namba kumi na nne. Mwaka 1876, 1877, 1878, ukurasa baada ya ukurasa, mstari mdogo kila alfajiri: Baba Chiriku.

Nilikaa nikitazama maneno hayo mawili. Kazi yangu ni kusoma kitu kabla hakijachapwa, nitafute kosa, na hapa nilitafuta kosa. Hakuwa Chiriku. Alikuwa baba yake.

"Basi Chiriku alikuwa mtoto wake," nilisema. "Huyo ndiye msemaji."

"Inawezekana," alisema mtunza kumbukumbu. Alikuwa ameshaanza kunizoea. Akaenda chumba cha nyuma, akarudi na kitabu cha mazishi ya mji cha mwaka 1879, mwaka wa ndui. Alikifungua mwenyewe, akapitisha kidole, akasimama. Alikigeuza tu upande wangu.

Chiriku. Mtoto wa kike wa msokota kamba. Miaka sita. Ndui.

Mwenye mdomo usiofunga, basi, alikuwa kabinti ka miaka sita. Nilimwona kabisa, sina haja ya picha. Namjua mtoto wa namna hiyo, anayeuliza swali, na kabla hujamjibu ameshaleta lingine.

Nilirudi kwenye daftari la kiwanda, mwezi uleule. Siku tatu namba kumi na nne haina mtu, na pembeni pameandikwa: msiba. Siku ya nne jina limebadilika. Karani ameandika Baba Kobe. Alikuwepo mtoto mwingine, mvulana wa miaka mitatu, mzito wa kutembea bila shaka, akaitwa Kobe. Huyo ndiye baba wa babu yangu. Wenzake wa bandani walimhurumia mzee wa watu. Walikubaliana kutomtonesha kidonda kila alfajiri, wakampa jina la mtoto aliye hai. Msimamizi akaita, "Baba Kobe." Na mbele ya jina hilo limepigwa duara.

Kesho yake duara. Kesho kutwa duara. Nikahesabu maduara tisa.

"Aliacha kazi," nilisema.

Mtunza kumbukumbu aliinama juu ya bega langu, akashusha miwani ya pili. "Tazama safu ya jioni."

Nilitazama. Namba kumi na nne ilikuwa na urefu wa kamba kila siku, siku zote tisa, urefu uleule wa siku nyingine. Mtu alikuwepo. Alisimama pale alfajiri pamoja na wenzake, akasikia jina likiitwa mara moja, mara mbili, akanyamaza. Kisha akafunga katani kiunoni, akatembea kinyumenyume mpaka jioni, na daftari likasema hayupo.

Siku ya kumi karani, au labda msimamizi, alichoka. Jina la Baba Kobe limekatwa kwa mstari mmoja, na pembeni, kwa mwandiko wa mtu aliyeishiwa na maneno, pameandikwa: Mtu huyu yupo siku zote ila haitiki. Anasema yeye ni Baba Chiriku hata sasa. Aandikwe Chiriku.

Kuanzia hapo ni Chiriku tu, miaka ishirini na miwili, mstari mdogo kila alfajiri. Watoto wake waliobaki wakaandikwa watoto wa Chiriku, na watoto wa watoto vivyo hivyo, mpaka ikatufikia sisi, tunaolitumia jina la mtoto ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyetokana naye.

Nilimwomba mtunza kumbukumbu kitu kimoja zaidi, kaburi la mke wa yule mzee. Ilimchukua nusu saa. Mwaka 1911, takriban miaka sitini: Mama Chiriku, mjane wa msokota kamba. Miaka thelathini na miwili baada ya ndui, na alikuwa amezaa wengine watano, watu bado walimwita hivyo, na yeye aliitika. Hawakuachana nalo, si yeye wala mumewe.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za jengo lile, nikalia mbele za watu kama mwendawazimu. Mlinzi alinitazama, akageuka upande mwingine, Mungu ambariki. Nilijikaza kisabuni mwaka na miezi minne, na mtu wa kunifungulia mlango alikuwa msokota kamba ambaye hata sura yake siijui.

Baba Mkubwa aliisikiliza habari yote akiwa amesimama. Hakuvaa koti siku hiyo.

"Kwa hiyo hakuwa msemaji."

"Alikuwa mtu wa kunyamaza, Baba Mkubwa. Alinyamaza siku tisa mfululizo."

"Na sisi hatutokani na Chiriku."

"Chiriku hakuzaa. Sisi tunatokana na Kobe."

"Ukoo wa Kobe," alisema polepole, akijaribu jinsi litakavyosikika mkutanoni. "Hilo usilichape." Akachukua kadi moja mezani, akairudisha. "Umesema mtoto alikuwa na miaka mingapi?"

"Sita."

"Karibu na wako."

"Wangu alikuwa na mitano."

Alinishika bega. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa ukoo wetu kunitajia mtoto wangu tangu nilipopiga marufuku. Kisha akasema, "Chapa yote, kama ilivyo. Na Kobe chapa," akaondoka bila kupangua hata rimu moja.

Siku iliyofuata nilifunga karakana mchana, nikaenda kwa shemeji. Nilikuwa na nakala za kurasa zile kwenye bahasha, nimezipanga vizuri, kama mtu anayekwenda kuomba kazi. Shemeji alinifungulia, akanitazama kwa jicho la kunipima, akanielekeza chumba cha mbele. Mke wangu alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule. Kola nyeupe zilikuwa zimerundikana kwenye kiti pembeni yake.

Nilisimama mlangoni nikamwita. "Mama Kibonge."

Gurudumu likasimama. Hakugeuka mara moja.

"Karibu," alisema hatimaye. "Ondoa hizo kola ukae."

Nilizishika mapajani. Nikamweleza kila kitu: banda, namba kumi na nne, maduara tisa, Mama Chiriku wa mwaka 1911. Alizisoma nakala moja moja, kwa kidole, kama anavyosoma vipimo vya mteja. Alipofika kwenye maneno yale ya pembeni, alirudia kuyasoma. Machozi yalimtoka, naye akayafuta kwa kipande cha kitambaa bila kuona haya.

"Alikuwa mwanamume," alisema. "Huyo alikuwa mwanamume."

"Ndiyo."

"Na wewe umekuja kunionyesha karatasi tu, au umekuja kuniambia?"

"Nimekuja kukuambia."

Alizikunja nakala, akaziweka juu ya mashine. Akanigeukia mzima mzima, mikono magotini. Nikamwambia.

Nilimwambia kwamba alipoondoka Kibonge alikuwa macho, na aliomba maji, akanywa. Aliniuliza kwa nini dari ya hospitali ina madoa. Saa nane kasorobo aliuliza mama yuko wapi, nikasema anaoga. Saa nane muuguzi alimpima, akanivuta pembeni, akaniambia, "Mwite mama yake. Mwite sasa hivi." Simu ilikuwa mfukoni mwangu.

"Sikupiga," nilisema. "Nilimwambia muuguzi kwamba hukulala siku tatu, uachwe upumzike. Niliona nikikupigia ndiyo nimekubali. Niliona usipokuja mbio, basi hakuna la kukukimbiza. Aliniuliza tena, mama bado anaoga? Nikasema bado. Akauliza mara nyingi. Halafu akawa anakuita tu, haniulizi mimi tena. Alikuita mpaka saa tisa unusu. Nilikuwa nimemshika mkono. Simu ilikuwa mfukoni."

Hakuna nilichobakiza. Nilikuwa nimekibeba kitu hicho mwaka na miezi minne, nikakifunika kwa amri, kwa matusi, kwa kadi za harusi za watu. Nilipokitoa nilihisi wepesi, kweli nilihisi, nikainua macho nimtazame, mjinga mimi, nikitegemea kuona na yeye amepata nafuu.

Uso wake ulikuwa umeishiwa rangi.

"Nilikuwa nimeshaoga," alisema. Alisema taratibu, si kwangu hasa. "Saa saba na nusu nilikuwa nimeshaoga, nimeshavaa. Nilikaa kitandani na viatu miguuni. Nikatazama saa. Nikasema ngoja kidogo, amesema nipumzike, nikirudi upesi atagomba. Nilikaa pale mpaka saa tisa na nusu, nimevaa viatu."

Kutoka nyumbani kwetu hadi hospitali ni mwendo wa dakika ishirini. Hatukulisema hilo, wote tunalijua.

"Nisamehe," nilisema.

Alichukua kola moja kutoka mapajani mwangu, akaigeuza ndani nje, akatafuta ukingo wake kwa kucha. Uzi ulimshinda kuingia tunduni, akalamba ncha, akajaribu tena, ukaingia. Nilitamani anipige. Ningetoka pale na kitu.

"Ulisema utarudi siku nitakayokuambia," nilisema. Sijui kwa nini nilisema. Mbishi hata pale.

"Nilisema hivyo kabla sijajua," alisema mke wangu.

Akakanyaga, mashine ikaanza kwenda. Nilikaa nimeshika zile kola, nikimpa moja kila alipomaliza nyingine, kwa sababu mkono wake ulikuwa unazitafuta. Hakuniambia nitoke, wala hakuniambia nibaki. Zilipokwisha, nilisimama nikaaga.